Tramu: Chuma Juu ya Chuma

Mwanzoni mwa karne ya 20, mgeni aliyeshuka Mombasa aliweza kusafiri mjini katika kigari kilichopita juu ya reli nyembamba, kikisukumwa na vibarua wawili hivi. Suala la haki ya wasukumaji hao ni zito, nami silipuuzi. Lakini hapa twauliza swali la fizikia. Watu wawili waliwezaje kusukuma kigari na abiria wake, tena kwa mwendo wa mbio?

Jibu limo katika reli. Tairi la mpira likibingirika hubonyea chini ya mzigo, na kila libonyeapo hupoteza nishati kwa njia ya joto. Gurudumu la chuma hubonyea kidogo mno. Kwa hiyo, mzigo ule ule huhitaji msukumo mdogo mara kadhaa juu ya reli kuliko juu ya lami. Tramu, yaani gari la umeme lipitalo relini katika barabara za mji, limejengwa juu ya msingi huo tangu Siemens alipoanza kuchukua abiria huko Lichterfelde, karibu na Berlin, mwaka 1881.

Mimi nilizipenda tramu nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu mjini Dresden, Ujerumani. Reli za huko zimeachana kwa milimita 1450, yaani milimita 15 zaidi ya kipimo cha kawaida. Mpenzi wa tramu huhifadhi jambo kama hilo moyoni, kama wengine wahifadhivyo matokeo ya kandanda. Jumapili, badala ya kwenda maktaba, nilipanda njia namba 11, itokayo bonde la mto Elbe na kupanda hadi Bühlau, nikasimama nyuma ya dereva.

Hapo nilijifunza upande wa pili wa hesabu. Chuma kisichobonyea hugusa reli kwa eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba. Tramu yenye uzito wa makumi ya tani hushikilia ardhi kwa kucha chache tu! Reli ikiwa kavu, nguvu ya kushika hufikia kama robo ya uzito ulio juu ya magurudumu, ilhali tairi juu ya lami kavu hupata zaidi ya nusu. Majira ya kupukutika kwa majani, yale majani yakisagwa pamoja na manyunyu hufanya utando utelezao kama mlenda, na robo ile hushuka hata chini ya sehemu ya kumi.

Jumapili moja ya Oktoba, katika mwinuko wa Mordgrund, mota zilivuma, magurudumu yakazunguka papo hapo, na gari halikusogea. Nikageuka kuutazama mteremko nyuma yetu, sikuupenda. Dereva hakubadilika uso. Alibonyeza kitufe, ukasikika mkwaruzo chini ya sakafu, nasi tukapanda. Ulikuwa mchanga. Chombo kile cha thamani kubwa hubeba masanduku ya mchanga mkavu, unaomwagwa kwa mirija mbele ya magurudumu. Sijapata kuona dawa rahisi zaidi katika uhandisi.

Wako wanaoiita tramu chombo cha kizamani. London iliziondoa mwaka 1952, kisha mwaka 2000 zikarudi kusini mwa jiji hilo, huko Croydon. Addis Ababa ilifungua reli yake ya mjini mwaka 2015. Gharama ya kutandika reli ni kubwa, na hoja hiyo siikatai.

Lakini tazama tramu ya kisasa inaposhuka mlima. Dereva akipunguza mwendo, mota hugeuka jenereta, na umeme wake hupanda kwenye waya wa juu, ambako tramu nyingine iliyo karibu yaweza kuutumia. Mara nyingi, tukirudi mjini jioni, tulipishana na wenzetu katikati ya mwinuko. Wao walikuwa wakisoma magazeti. Nami niliwatazama nikijua kwamba huenda uzito wetu ndio uliokuwa ukiwapandisha.