Amepona malaria ya ubongo, lakini msimwache peke yake

Wamama wenzetu, mwaka uliopita alirudi darasani kwetu mtoto wa miaka 8 ambaye malaria ilimpanda kichwani. Alishikwa na degedege, akalala siku mbili bila fahamu, kisha akaamka. Kwao walichinja kuku. Nasi walimu tulifurahi, tukafikiri kwa kuwa anatembea na anakula, basi yote yamerudi.

Asubuhi alisoma herufi ubaoni, baada ya mapumziko hazijui tena. Tukimtuma chaki, anasimama mlangoni, amesahau alitumwa nini. Tulimwita mvivu. Siku moja tulimpigisha magoti, na hadi leo tunaona haya.

Mama yake ndiye aliyekuja kutuambia: “Walimu, huyu si yule aliyeugua. Jana nilimwachia sombe motoni, akaenda kucheza, chungu kikaungua. Nikimtuma mtoni, mimi mwenyewe ninamfuata nyuma.”

Mama huyo alikuwa na haki. Katika malaria ya ubongo, chembe za damu zenye vijidudu hunata ndani ya mishipa midogo ya kichwani, damu isipite vizuri, na ubongo huumia. Kule Kampala, Uganda, waganga waliwafuata watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona ugonjwa huu. Utafiti wao ulitoka mwaka 2008: miaka miwili baada ya kuugua, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa bado na shida ya kukumbuka, ya kutulia kwenye jambo moja, au ya kujifunza. Wengine hupata kifafa. Huo si uchawi, wala si ukaidi.

Kwa hiyo mtoto kama huyu asiachwe peke yake penye moto, kisima, mto au barabara ya pikipiki. Asibebeshwe kitoto mgongoni. Dawa zake zikae kwa mtu mzima, maana anaweza kusahau kwamba amekwisha kumeza, akameza tena. Degedege likirudi, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mpelekeni kituo cha afya.

Mtumeni neno moja tu kwa mara moja, naye alirudie kwa mdomo wake kabla hajaondoka.

Kuna jambo linalotusumbua sisi walimu. Kazi ya kumwangalia mara nyingi inamwangukia dada yake, na dada anaacha masomo. Wamama wa kikundi wapeane zamu, hata siku za soko na za shamba.

Wala kumwangalia si kumfungia ndani. Mama yule humkalisha kando yake sokoni, mtoto anapanga maembe matano matano. Zamani alikosea kila fungu, siku hizi anakosea moja moja. Franga bado anazishika mama.