Je, Wajua? Mahali Pasipofikiwa na Satelaiti

Je, wajua kwamba msafiri anayeongozwa na simu yake tangu Iringa mjini hata mtambo wa umeme wa Kihansi, uliochimbiwa ndani ya jabali katika safu ya Udzungwa, akiisha kuingia humo hupotewa na satelaiti zote, kwa kuwa mawimbi yake ni dhaifu mno kupenya mwamba? Hapo hapana budi simu ikusanye ushahidi wa vihisi vyake vingi: kimoja hukadiria mwendo, kingine hutambua kugeuka, na cha tatu hupima mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri mtu apandavyo. Kila shahidi ana taksiri yake, na kosa dogo la mwendo huzidi kila dakika. Ndipo hesabu aliyoitangaza mhandisi Rudolf Kalman mwaka 1960 inapoamua ni yupi wa kusadikiwa zaidi kwa wakati ule. Wala haja hii ya kujua mtu alipo pasipoonekana si ya anasa. Huko Morogoro, shirika la APOPO huwafunza panya buku, waliovikwa vibegi vyenye kamera, kipaza sauti na kifaa cha kujulisha walipo, kuwatafuta watu waliofukiwa na majengo yaliyoporomoka, ili waokoaji wajue wachimbe wapi.