Ukishikiwa Mtu Wako, Jina Lake Limeandikwa Wapi?



Mwezi huu tunaweka kando kidogo habari za mabwawa ya mchanga na mbuzi wa maziwa. Tulipozunguka vikundi vyetu vya Kitui, swali moja lilikuwa linatufuata kutoka soko hadi soko: mtu wangu ameshikwa, nitajuaje alipo? Kuna wale wanaodhani kaunti ina kitabu kimoja kikubwa cha majina ya walioshikwa, ukifika unafunguliwa. Wengine wanaamini habari hizo ni siri ya serikali, na kuzipata lazima utoe kitu kidogo. Wote wawili wamekosea, na kosa hilo limewagharimu watu wetu pesa na usingizi.

Mama mmoja, mwanakikundi, ametukubalia tusimulie yaliyompata bila kutaja jina lake. Kijana wake alishikwa siku ya soko. Vijana wa boda boda ndio waliomletea habari: "Mama, amebebwa na landrova." Basi. Landrova ya nani, imeelekea wapi, hakuna aliyejua. Mama alikwenda kwa chifu, chifu hakuwa na habari. Akaenda kwa mheshimiwa wa wadi, akaambiwa arudi kesho. Siku ya pili akapanda matatu hadi mjini, akaingia ofisi moja ya serikali ya kaunti. Huko aliambiwa kwa upole kwamba wao hawaweki majina ya walioshikwa. Nje ya lango bwana mmoja nadhifu akamwambia anawajua "watu wa ndani", akachukua shilingi elfu mbili, akapotea. Siku ya tatu ndipo mama alipogundua kwamba kijana alikuwa amefikishwa kortini jana yake asubuhi. Hakimu alimpa dhamana, lakini hapakuwa na mtu wa kumlipia. Akapelekwa rumande. Wakati kijana akiangaza macho kortini kutafuta uso anaoujua, mama alikuwa kwenye foleni ya ofisi isiyohusika.

Jambo la kwanza, basi, ni hili: polisi si wa kaunti. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, tumezoea kupeleka kila shida kaunti, lakini Huduma ya Polisi ni ya serikali ya kitaifa, na korti pia si za gavana. Hata askari wa kaunti wakimshika mchuuzi kwa kukosa leseni, au askari wa misitu wakimshika mtu na makaa, mshikwa anatakiwa kupelekwa kituo cha polisi au kortini. Kwa hiyo usianze na gavana. Anza na kituo cha polisi kilicho karibu na mahali aliposhikiwa. Tunasema mahali aliposhikiwa, si nyumbani kwenu.

Kila kituo kina kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB. Kila jambo linaloingia kituoni huandikwa humo kwa mpangilio wa saa na kupewa nambari. Nambari hiyo inaanza na hesabu ya tukio la siku hiyo, kisha tarehe. Ukiona OB 14/3/5/2024, ujue ni tukio la kumi na nne la tarehe 3 Mei 2024. Mbali na OB, Sheria ya Huduma ya Polisi ya mwaka 2011 inataka kituo kiwe na rejista ya walioshikwa. Humo huandikwa jina, sababu ya kushikwa, tarehe na saa, askari aliyeshika, na kama mtu amehamishwa, alihamishwa lini na kwenda wapi.

Tusidanganyane: OB si gazeti la kufunguliwa na kila apitaye. Humo mna habari za wasichana waliotendewa unyama na za majirani waliotoa ripoti kwa siri. Huwezi kudai upewe ukurasa uusome. Lakini jamaa wa aliyeshikwa ana haki ya kujibiwa, kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa mshikwa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao anahitaji msaada wao. Ikiwa mama yake hawezi hata kuambiwa kama yuko hapo, haki hiyo imebaki maneno tu.

Ukifika kwenye meza ya ripoti, nenda na kitambulisho chako, na majina yote ya mtu wako kama yalivyo kwenye kitambulisho chake. Hili la majina tunalisisitiza. Nyumbani anaitwa Mwendwa, sokoni wanamwita Fundi, na kituoni ameandikwa kwa jina la ubatizo. Tumeona mtu akiambiwa "hayuko" wakati mwanawe yuko hatua kumi kutoka hapo, nyuma ya mlango. Salimia, kisha sema: "Afande, naomba kujua kama fulani wa fulani ameandikwa hapa. Ameshikwa kwa sababu gani, nambari ya OB ni ngapi, na atapelekwa korti gani, lini?" Andika majibu kwenye daftari hapo hapo, pamoja na saa na jina la afisa unayeongea naye. Usiogope kuandika. Mwandishi wa kikundi ana kazi kubwa hapa kuliko mwenyekiti, kwa hiyo kama unaweza, mchukue akusindikize.

Wakisema hayupo, usigeuke kuondoka. Omba ulizo lako lenyewe liandikwe kwenye OB kwamba unamtafuta mtu wako, na upewe nambari. Likiandikwa, kuna alama kwamba siku fulani saa fulani familia ilifika. Kama kuna kusitasita, omba kwa heshima kumwona mkubwa wa kituo, OCS. Kisha nenda kituo kingine cha karibu, kwa maana waliomshika wanaweza kuwa wametoka mbali.

Saa nayo inahesabika. Aliyeshikwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, na isipite saa 24. Kama saa hizo zinaishia wakati korti imefungwa, ni hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo aliyeshikwa Ijumaa jioni anaweza kihalali kukaa hadi Jumatatu, na hili watu wengi hulilalamikia bila kujua. Lakini aliyeshikwa Jumatatu asubuhi, Alhamisi bado yuko seli na hajaona hakimu, hapo kuna neno. Polisi wakitaka kukaa naye zaidi, ni lazima waombe korti. Maombi hayo hupewa nambari yake, tofauti na ya kesi. Ukimkosa kwenye kesi za jinai, mwambie karani aangalie pia upande wa maombi mengineyo.

Kwa nini tunashikilia sana kuandikwa? Wengi mnakumbuka habari za wakili Willie Kimani. Mwezi Juni 2016 yeye, mteja wake Josephat Mwenda na dereva Joseph Muiruri walitekwa walipotoka korti ya Mavoko, wakazuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala Syokimau, kisha wakauawa. Kilichosaidia kuwafuata ni kipande cha karatasi ya chooni walichokiandika na kukitupa nje. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia polisi watatu na raia mmoja. Hatulitaji jambo hili kuwatisha, na maaskari wema tunawajua, wengine ni Wakristo wenzetu wa jumuiya ndogo ndogo. Lakini wino kwenye kitabu humlinda aliye ndani, na humlinda pia askari aliyefanya kazi yake sawa.

Baada ya kituo, fuata korti. Hapa mlango uko wazi zaidi, kwa kuwa kesi za watu wazima kwa kawaida husikizwa hadharani na yeyote anaweza kuketi na kusikiliza. Kaunti yetu ina korti Kitui mjini, Mwingi, Mutomo na Kyuso, kwa hiyo uliza ni ipi kabla hujapoteza nauli. Kila asubuhi orodha ya kesi hubandikwa kwenye ubao, na siku hizi huwekwa pia kwenye mtandao wa Mahakama. Usipoona jina, ingia rejista, yaani ofisi ya makarani, ueleze jina, kituo alichotoka na siku. Unachotafuta ni nambari ya kesi. Ukiipata, OB haina kazi kubwa tena. Kila kitu sasa kitaenda kwa nambari ya kesi, kuanzia dhamana na tarehe ya kutajwa hadi gereza alikopelekwa. Mshtakiwa mwenyewe ana karatasi ya mashtaka. Ukitaka nakala ya mwenendo wa kesi, utaandika barua na kulipia kurasa. Lipa kwa njia rasmi tu na udai risiti.

Kesi za watoto ni tofauti. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto hawekwi pamoja na watu wazima, mzazi hujulishwa, na jina lake halitangazwi. Usiende kumuulizia mtoto wa jirani kwa udadisi, hutaambiwa, na ni vizuri hutaambiwa.

Mkikwama kabisa, andikeni. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu kila raia kuomba habari kutoka ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza sababu na bila kulipia maombi. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa. Jibu la kawaida lisizidi siku 21, lakini jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kwa hiyo andika wazi juu ya barua: "Jambo hili linahusu uhuru wa mtu." Baki na nakala iliyopigwa muhuri. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita Ombudsman. Ikiwa polisi wamekosea, kuna IPOA. Na mtu akiwa hajulikani kabisa alipo, Mahakama Kuu inaweza kuamuru aletwe mbele yake, na Katiba inasema kufungua ombi la haki za msingi hakulipiwi ada. Wahudumu wetu wa Haki na Amani parokiani watawasaidia kuandika.

Kuna jambo la pili ambalo vikundi vimetuuliza. Mnataka kumchagua mweka hazina, na mmesikia fununu kwamba zamani alishikwa. Je, mwende kituoni mkaulize? Hapana. Kituo hakitawapa historia ya mtu mwingine, na hata kama kingewapa, kushikwa si kupatikana na hatia. Huku kwetu watu wameshikwa kwa kutembea usiku, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, na kwa kukosa tu mtu wa kuwatetea. Kama kikundi kinashughulikia pesa nyingi, katiba yenu iseme kwamba kila mgombea, awe nani, alete cheti cha tabia njema. Cheti hicho huombwa na mwenyewe kupitia eCitizen, kisha huenda na fomu C24 kuchukuliwa alama za vidole, kwa mfano Huduma Centre. Yeye ndiye anayeileta habari yake, si ninyi mnaoichimba. Kama alishtakiwa na korti ikamwachilia, aje pia na nakala ya uamuzi, na mwipime hiyo kuliko maneno ya sokoni.

Tumalizie na pesa, maana yule mama wa mwanzo alikopa kwa kikundi. Bondi ya polisi ni ya bure. Mkubwa wa kituo anaweza kumwachilia mtu kwa kutia sahihi kwamba atafika kortini. Akitaka pesa taslimu kuwa dhamana, lazima uandikiwe risiti, na dhamana hiyo si faini. Inarudishwa kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa alihudhuria siku zake zote. Ya kortini ni vivyo hivyo. Inarudishwa kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye risiti. Mama yetu alitoa elfu kumi za kikundi kupitia kwa shemeji, risiti ikaandikwa jina la shemeji, na shemeji sasa yuko Mombasa. Kesi iliisha, kijana yuko nyumbani, lakini pesa bado ziko kortini. Tumemwandikia shemeji barua. Kikundi kikitoa mkopo wa dhamana, aliyekopa aende mwenyewe, risiti iandikwe jina lake, na ile karatasi yenyewe, si nakala, ikae katika sanduku la kikundi pamoja na nambari ya kesi.