Muulizieni Aliyenyamaza

Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanapokutana tena, iwe harusini au mazikoni, swali la kwanza huwa: "Uko wapi siku hizi?" Kinachoulizwa si mtaa, bali kazi. Aliyesomeshwa kwa mkopo na kuajiriwa hulalamikia makato ya Bodi ya Mikopo, ambayo tangu mwaka 2016 ni asilimia 15 ya mshahara. Mwenzake asiye na ajira huyatamani hata makato hayo. Hujibu kwa ufupi, hutoa udhuru, na mara nyingine haonekani tena.

Ndugu Waislamu, tumkumbuke yule aliyekuwa akifagia Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume alipomkosa alimuulizia. Akaambiwa amekwisha kufa. Watu waliliona jambo lake dogo, wakamzika bila ya kumpa habari. Akataka aoneshwe kaburi, akamswalia.

Basi leo, baada ya Swala ya Ijumaa, mtafute uliyesoma naye ambaye habari zake zimekatika. Muulize afya yake, wazazi wake na watoto wake. La kazi aliseme mwenyewe akipenda. Na ukiwa na uwezo wa kumsaidia, usingoje aombe.

Wabillahi tawfiq.