Kukwama, Kuganda, Kukabana na Kukawiza: Istilahi za Prosesa Iliyosimama

Kompyuta inapoacha kuitika, wengi wetu husema kwa mkato kwamba "imekwama". Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo latosha. Lakini kwa fundi anayetafuta hitilafu katika kiini cha mfumo endeshi, kutumia neno moja kwa hali nne zilizo mbalimbali ni sawa na kumwambia daktari kwamba mgonjwa "anaumwa", kisha kunyamaza. Makala haya yanakusudia kuzipambanua hali hizo na kupendekeza neno la kila moja, ili mafunzo na taarifa zinazoandikwa kwa Kiswahili zisimpoteze msomaji.

Neno "kiini" tunalikubali bila mjadala mrefu. Kama kiini cha mbegu kilivyofichwa na ganda, ndivyo sehemu hii ilivyo ndani kabisa ya mfumo. Ndiyo inayogawa zamu za prosesa, nafasi za kumbukumbu, na matumizi ya vyombo vingine vya mashine. Programu ya kawaida ikiharibika, kiini huweza kuiondoa na kazi nyingine zikaendelea. Kiini chenyewe kikisimama, hakuna mwingine wa kukiamsha. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Mifano yetu tumeichota katika Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991, ambacho leo kimo katika simu za Android na katika mashine nyingi zinazohudumia intaneti.

Hali ya kwanza ni kukwama. Gari lililozama matopeni injini yake hunguruma na magurudumu yake huzunguka, ila safari haiendi. Prosesa iliyokwama hali kadhalika: hutekeleza amri za kiini mfululizo, pengine katika kitanzi kisicho na mwisho, bila kuziachia kazi nyingine zamu. Hata hivyo bado husikia "ukatizo", yaani ishara ya kuitaka iache kwa muda ilifanyalo ili ishughulikie jambo jingine. Linux huwa na mlinzi wa hali hii. Katika kila prosesa, kazi ndogo hutakiwa kuandika saa mara kwa mara, na ukatizo wa saa huja kukagua maandishi hayo. Kwa kipimo kilichowekwa awali, sekunde 20 zikipita bila saa kuandikwa, mlinzi hutoa onyo.

Hali ya pili ni kuganda. Hapa prosesa imeziba masikio, hata ukatizo wa saa haupokei. Mlinzi tuliyemtaja hafai tena, kwani naye huutegemea ukatizo uleule. Kwa hiyo hutumika ukatizo usiozuilika, ambao hupenya hata pale ukatizo wa kawaida ulipofungiwa mlango, ukaangalia kama hesabu ya ukatizo wa saa imeongezeka. Isipoongezeka kwa muda wa sekunde 10 hivi, prosesa huhesabiwa kuwa imeganda. Tumelichagua neno hili kwa sababu kilichoganda hakitikisiki, ilhali kilichokwama huweza kutikisika bila kusogea.

Hali ya tatu ni kukabana. Makufuli ya kiini huwekwa ili prosesa mbili zisibadili kumbukumbu moja kwa wakati mmoja. Tuseme prosesa moja imeshika kufuli la kwanza na yangoja la pili, na nyingine imeshika la pili na yangoja la kwanza. Hakuna itakayoachia, na hakuna itakayopata. Mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, katika maandishi yake ya mwaka 1965 aliifananisha hali hii na kumbatio la mauti. Kiswahili hakina haja ya kuazima sitiari hiyo, kwa maana kauli ya kutendana inayo tayari. "Kufungana" tumeliacha, kwa kuwa mpenzi wa soka atadhani ni habari ya mabao. Ni vyema kukumbuka kwamba kukabana ni sababu, na kukwama au kuganda huweza kuwa dalili yake.

Hali ya nne ni kukawiza. Tangu mwaka 2002 Linux imekuwa na utaratibu ambao wasomaji wa kumbukumbu hawashiki kufuli. Anayetaka kubadili huandika nakala mpya, kisha hungoja hadi kila prosesa ionyeshe kwamba haisomi tena nakala ya zamani, ndipo aifute. Prosesa moja isipoonyesha dalili hiyo, wote wangojao hukawia. Muda uliowekwa awali kabla ya onyo ni sekunde 21. Sababu huweza kuwa kitanzi kirefu mno, au ukatizo uliofungiwa kwa muda mrefu. Pengine sababu ni waya wa polepole unaopeleka taarifa za kiini kwenye skrini, kiasi kwamba kiini chacheleweshwa na taarifa zake chenyewe. Kauli ya kutendesha inafaa hapa, kwani lawama ni ya akawizaye, si ya akawiaye.

Sasa tuitazame kazi ya fundi. Waingereza na Wamarekani huiita hitilafu kwa neno lao la "mdudu", nalo si geni: Thomas Edison alilitumia katika barua ya mwaka 1878. Lakini tukitafsiri neno kwa neno tukasema "kutoa wadudu", msikilizaji atatafuta dawa ya kunyunyiza. Tena neno lao hujumlisha matendo mawili. Sisi twaweza kuyatenga: "kusaka hitilafu" na "kuondoa hitilafu".

Msakaji huanzia katika batli. Neno hili la mabaharia, lenye maana ya daftari la safari ya chombo, lafaa sana kwa daftari ambamo kiini huandika mambo yaliyokipata. Humo ataona ni prosesa ipi, ilikuwa katika amri gani, na orodha ya miito iliyoifikisha hapo. Asiharakishe kuhukumu. Prosesa iliyolalamikiwa huenda yangoja tu kufuli lililoshikwa na nyingine iliyo kimya. Kwa hiyo huagiza orodha ya miito ya prosesa zote, akamtafuta aliyeshika kufuli. Aidha, tangu mwaka 2006 Linux imekuwa na mkaguzi wa makufuli, ambaye hukumbuka utaratibu wa kuyashika na kuonya kabla kukabana hakujatokea.

Hapa ndipo faida ya istilahi inapodhihiri. Taarifa ikisema "imeganda", fundi atatafuta mahali ukatizo ulipofungiwa. Ikisema "imekwama", atatafuta kitanzi. Ikisema "yakawiza", atauliza nani anangojwa. Taarifa iliyochanganya maneno humtuma mahali pasipo na kosa, na saa hupotea.

Kwa hiyo tunapendekeza:

Kukwama: kuendelea kutekeleza amri za kiini bila kuachia zamu, huku ukatizo ukipokelewa.
Kuganda: kutopokea hata ukatizo wa kawaida.
Kukabana: kungojeana kwa makufuli pasipo mwisho.
Kukawiza: kuzuia wengine kwa kutoonyesha kwamba usomaji umekwisha.

Walimu na mafundi wanaoyatumia maneno mengine kwa dhana hizi tunawaomba watuandikie, pamoja na mifano ya matumizi yao. Istilahi husanifiwa mezani, lakini huthibitishwa kazini.