Fahamu: Maombolezo ya MV Bukoba yalivyobadilika kadiri miaka inavyopita

Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikiwa imebakiza safari fupi kutia nanga Mwanza. Takwimu rasmi zinataja vifo zaidi ya 800.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Msiba ukawa wa taifa zima, hata kwa wasiokuwa na ndugu melini.

Majonzi hayo yaligeuka haraka kuwa hasira. Kwa nini meli ilibeba abiria kupita uwezo wake? Kwa nini ilitobolewa ilipokuwa bado inaelea, hewa ikatoka na ikazama kabisa? Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na suala likafika mahakamani.

Miaka ilivyosonga, maombolezo yalibaki zaidi mikononi mwa familia za Kagera na Mwanza. Kila Mei 21 hufanyika dua na sala katika makaburi ya Igoma, Mwanza, walikozikwa wengi ambao hawakutambuliwa. Kwa waliokosa mwili wa kuzika, hapo ndipo pa kumlilia mpendwa wao.

Kisha, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Jeraha la 1996 likatoneshwa, na swali likawa lilelile: abiria walizidi tena?

Kuwaenzi marehemu hawa kunadai jambo moja: idadi ya abiria iheshimiwe kila chombo kinapong'oa nanga.