Mlinzi Asiyemtambua Mwenye Nyumba

Tumdhanie mama mmoja wa Tabata Relini, mwenye kuuza maji baridi na juisi ya ukwaju kutoka katika deli la barafu kando ya barabara, ambaye kila atumbukizapo mkono kutoa chupa, vidole vyake hugeuka vyeupe kana kwamba vimechovywa katika unga, kisha huwa vya samawati, na mwisho huwaka kwa maumivu. Naye, kwa kuwa si ajabu barafu kuumiza, halitii jambo hilo maanani. Baada ya muda pete ya ndoa haitoki tena, maana ngozi ya vidole imekaza. Halafu huja kikohozi kikavu, na pumzi kumkatika apandapo ngazi.

Mtaani neno la kwanza ni kifua kikuu, wala mwenye kulisema hakosi, kwani maradhi hayo yangali mengi nchini na haifai kuyapuuza. Lakini makohozi yapimwapo tena na tena bila ya kuonekana mdudu, hapo ndipo ipasapo kuuliza swali jingine, na swali hilo lahusu vidole.

Kugeuka rangi huko kulielezwa mwaka 1862 na Maurice Raynaud, tabibu wa Kifaransa. Aghalabu hakuna dhara kubwa. Ila kukifuatana na ngozi kukaza na pumzi kupungua, huwa dalili ya skleroderma, maradhi yaliyo ukoo mmoja na lupasi na baridi yabisi, ambayo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na ndani yake kinga ya mwili huzishambulia tishu zinazouunganisha mwili wenyewe.

Kinga hiyo ni nini? Mwaka 1882, katika mji wa Messina, Italia, mtaalamu Ilya Mechnikov alimchoma kwa mwiba kiluwiluwi wa kiti cha pweza, akaona chembe ndogo zikikusanyika kuuzunguka mwiba ule mithili ya sungusungu waliosikia kelele za mwizi. Mwaka 1908 aligawana Tuzo ya Nobel na Paul Ehrlich, ambaye aliamini kuwa mwili huchukia mno kujidhuru. Lakini sungusungu, wajapokuwa na nia njema, huweza usiku wa giza kumpiga mwenye nyumba wakimdhania mgeni. Na hayo ndiyo yapatikanayo katika pafu.

Ndani ya mapafu mna mamia ya mamilioni ya vifuko vya hewa, vyenye kuta nyembamba mno ili hewa safi ipenye kuingia katika damu. Hapo chembe za kinga ziitwazo T hupiga mbiu bila ya adui. Wenzao, chembe za B, hutengeneza kingamwili zinazolenga viungo halali vya mwili. Na makrofaji, ambao kazi yao ni kula takataka na kutuliza vita, huendelea kuwaita mafundi. Mafundi hao ni chembe za fibroblasti, wenye kutia kolajeni penye jeraha. Penye kidonda cha kweli wangemaliza na kuondoka. Hapa mbiu haikomi, nao hupiga lipu juu ya lipu, hata ukuta uliokuwa mwembamba kama utando ukawa mnene, na hewa isipite. Basi madhara makubwa hutokana na ukarabati usiojua kukoma.

Tabibu akiweka kipimo chake cha kusikilizia sehemu ya chini ya mgongo, husikia mchakacho mdogo, kama nywele zikisuguliwa karibu na sikio. Picha ya kawaida ya kifua huweza kuonekana salama siku za mwanzo, ilhali ile ya CT hufichua kovu. Dawa zipo: maikofenoleti huwatuliza walinzi, na nintedanibu, iliyoruhusiwa nchini Marekani mwaka 2019 kwa maradhi haya, huwapunguzia kasi mafundi. Lakini hakuna kati yazo iwezayo kulirudisha kovu kuwa pafu. Zalinda kilichobaki tu, na kwa hiyo kila mwezi upoteao katika kukisia ni sehemu ya pumzi isiyorejea.

Kwa sababu hiyo, katika chumba cha kupimia kikohozi, swali lisilogharimu hata senti moja huenda likawa lenye thamani kuliko yote: "Mama, hebu nioneshe mikono yako, ukishika barafu, vidole huwaje?"